Sauti ya Pili ya Mwalimu wa Kwaya

Ukiishi Eldoret miaka ile ya kwanza ya Uhuru, ulimsikia mwalimu wa kwaya kabla hujamwona, na wenye akili walitumia nafasi hiyo kubadilisha njia. Mluzi ulitangulia kwenye kona, halafu akatokea mwenyewe: mrefu, koti la kijivu, shingo imenyooka, midomo imekusanywa mbele kama mtu anayepoza uji. Hakusalimia mpaka amalize ubeti. Kama ulikuwa na haraka, hiyo ilikuwa shida yako.

Namwita mwalimu wa kwaya kwa sababu kila mtu alimwita hivyo, ingawa kwa muda wote niliomjua hakuwa na kwaya. Alikuwa nayo zamani kidogo, katika kanisa moja upande wa juu wa mji, mpaka Jumapili moja alipoamua kwamba kati ya ubeti wa pili na wa tatu waimbaji wanyamaze, yeye apige mluzi. Mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema mluzi ndani ya nyumba huita nyoka. Mwalimu akamjibu kwamba amepiga mluzi tangu utoto na hajaona nyoka yeyote, isipokuwa wale waliokuja wenyewe wamevaa tai. Mzee yule alikuwa amevaa tai. Pasta alimwambia mwalimu kwa upole achague: kwaya, au mdomo wake. Akachagua mdomo. Cheo alibaki nacho, pamoja na kile chuma chenye meno mawili cha kutafutia sauti. Alikigonga kwenye goti popote alipokuwa, hata kwenye foleni ya posta, akakiweka sikioni na kutikisa kichwa kama daktari aliyepata habari mbaya.

Mimi nilikuwa fundi wa nguo. Cherehani yangu ilikaa kwenye varanda ya duka la Mzee Hersi, Msomali aliyeuza vitambaa, sukari na taa za karabai. Nilikuwa nimekuja kutoka Nyeri na mume wangu, dereva wa lori la mahindi, ambaye kwa sababu ya kazi hiyo nilimwona mara chache kuliko nilivyomwona mwalimu. Mwalimu aliipenda varanda ile. Alisema bati lake lina sauti. Alikuja karibu kila siku, akaketi juu ya gunia la maharagwe, akanieleza mambo ya muziki ambayo sikuwa nimemwuliza.

Somo lake lilikuwa moja: kwamba mluzi ni chombo cha muziki kama gitaa, kama kinanda, na kwamba dunia imekosea kuudharau.

"Wewe Mama Njeri unaona mluzi ni kelele ya mdomo," aliniambia. "Gitaa nayo ni nini? Ni kelele ya waya. Tofauti ni kwamba waya inauzwa dukani, kwa hivyo mnaiheshimu."

Hapo ndipo palipokuwa na taabu ya kumcheka mtu huyu. Alisema upuzi tangu saa mbili mpaka saa sita, halafu katikati akatupa neno moja la kweli, nawe ukajikuta umeacha kukanyaga cherehani.

Neno lake jingine lilikuwa la Adamu. Mungu alipomaliza kumfinyanga Adamu, alisema, hakumpigia ngoma wala tarumbeta, alimpulizia. Kwa hiyo pumzi ndiyo chombo cha kwanza, na sisi wengine wote tunaobeba mbao na nyaya tunacheza na takataka.

"Mwalimu," Mzee Hersi alimwambia kutoka ndani ya duka, "Adamu alipulizwa mara moja tu. Wewe unapuliza tangu nifungue duka."

Midomo yake aliitunza kuliko alivyotunza watoto wake, na hilo silisemi kwa mzaha. Aliipaka samli asubuhi na jioni. Hakula pilipili. Chai alingoja ipoe mpaka ikashika utando juu. Wakati wa baridi ya Julai alijifunga shali mpaka puani, akatembea mjini kama mtu aliyetoroka hospitali. Na alikataa kabisa kupuliza moto wa jikoni, kwa sababu moshi, alisema, unakausha. Mkewe, Mama Kezia, ndiye aliyepuliza moto, akauza sukumawiki sokoni, akapeleka watoto shule. Mapafu ya nyumba ile yalikuwa yake.

Mama Kezia hakuwa mtu wa kulalamika, lakini siku moja alipokuja kushonewa gauni alinisimulia jambo moja, nami sijalisahau.

"Nilimwambia, Baba Kezia, unga imeisha, tutafanya nini? Akaniangalia na huruma sana. Halafu akanipigia mluzi. Ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Nililia hata. Lakini haikuwa unga."

Mazoezi aliyafanyia chini ya daraja la mto Sosiani, kwa ajili ya mwangwi. Wanawake waliofua nguo pale walimwomba ahame, akawajibu kwamba wao ndio wahame, kwani sabuni inaweza kutumika popote lakini mwangwi uko pale tu. Walimmwagia maji ya nguo. Kesho yake alirudi amevaa koti la mvua.

Alidai mluzi ni wa watu wote, chombo cha maskini, hakiulizi mtu ametoka kabila gani. Lakini hakuvumilia mtu mwingine yeyote aupige. Makondakta wa basi walimkera. Mwamuzi wa mpira alimkera ingawa yule alipuliza firimbi, si mdomo. Waliomkera zaidi walikuwa wafugaji walioleta ng'ombe mnadani kutoka upande wa Moiben, ambao waliweza kusimama ng'ambo ya barabara na kwa mluzi mmoja tu wakageuza kundi zima. Mwalimu alimwendea mzee mmoja wao, Mnandi mwenye pengo la meno ya chini, akamwambia anaharibu sanaa ya watu.

Mzee yule alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwuliza, "Yangu, ng'ombe wanakuja. Yako, nani anakuja?"

Mwalimu hakuja dukani siku mbili.

Na wanawake, ndio hawakuhesabiwa kabisa. Alikuwa na maelezo marefu kuhusu umbo la mdomo wa mwanamke, jinsi lilivyofaa kuimba na kuomba na kugombana, lakini si mluzi. Nilimsikiliza nikishona. Sikumwambia kwamba nilipokuwa msichana, nikichunga mbuzi wa baba, nilipiga mluzi mpaka mbwa wa jirani wakaja kwangu wakidhani wameitwa. Mama yangu alinichapa kwa ajili hiyo. Alisema msichana anayepiga mluzi ataolewa na upepo. Niliacha, au nilidhani nimeacha.

Mwalimu alikuwa na huzuni moja iliyokuwa ya kweli. Mluzi wake ulikuwa peke yake. Alitaka mwenzake wa sauti ya pili, wa kwenda chini yake hatua kwa hatua, lakini wanaume aliowajaribu walimfuata kama mkia au walimwacha kama punda. Alikuwa ametunga wimbo wa sauti mbili alioupa jina "Asubuhi ya Umande" na kwa miaka alikuwa akiupiga nusu.

Ilikuwa alasiri ya mvua. Wateja hakuna, mwalimu amesimama kwenye ngazi ya varanda akipiga ule wimbo wake nusu, mimi nakanyaga cherehani nikikimbiza sare za shule. Ghafla akanyamaza. Akaingia dukani, akatazama nyuma ya magunia, akatoka nje kwenye mvua, akazunguka nyumba.

"Mzee Hersi," alisema aliporudi, maji yakimtiririka, "nani huyo jamaa ako na sauti ya pili?"

"Jamaa gani? Hapa kuna mimi na huyu mama. Na mimi, wallahi, meno hayatoshi."

Mwalimu akageuka akaniangalia kama mtu aliyemkuta kuku akisoma gazeti.

"Mama Njeri. Ni wewe?"

"Ni cherehani, Mwalimu."

"Cherehani haiwezi kushuka mpaka pale."

Uso ulinichoma. Nilikuwa mwanamke mzima, mama wa watoto watatu, na sikujua hata nilianza saa ngapi.

Alirudi kesho yake kabla Mzee Hersi hajafungua. Hakuomba radhi kwa maelezo yake ya midomo ya wanawake. Aliendelea kana kwamba hayakuwahi kusemwa. Alitaka nijifunze wimbo wote. Lakini kulikuwa na sharti.

"Hii kitu iwe siri. Watu wakijua ni mwanamke watatucheka."

"Watatucheka, au watakucheka?"

"Ni maneno mamoja," alisema.

Ningeweza kukataa. Nimejiambia mara nyingi kwamba nilikubali kwa kumhurumia, na huo ni uongo. Nilikubali kwa sababu nilipenda. Saa ya chakula cha mchana, kwenye stoo ya Mzee Hersi katikati ya sukari na mafuta ya taa, alinifundisha vizuri na kwa subira ambayo sikujua anayo. Alinionyesha kuweka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya chini na kuisogeza kidogo kidogo kutafuta sauti. Alinifundisha kupiga mluzi pumzi ikitoka na pumzi ikiingia, ili wimbo usikatike kama nguo iliyoishiwa uzi. Alinifundisha kutomfuata. "Usinifuate," alisema. "Wewe tembea yako. Tutakutana." Kwa saa ile moja hakuwa mjinga wala hakuwa na majivuno, na mimi sikuwa fundi wa nguo. Halafu tulitoka, naye akaanza tena kumweleza mteja wangu habari za Adamu.

Kwa ajili ya hadhara alitafuta mtu wa kusimama mahali pangu. Alimpata fundi wa baiskeli mmoja, mwanaume mzuri wa sura aliyekuwa na suti, sifa ambazo zilimtosha. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mwalimu na kukusanya midomo. Mimi nilikaa nyuma ya turubai juu ya kiti kidogo. Tulifanya harusi ya kwanza upande wa Soy. Katikati ya wimbo fundi wa baiskeli akapiga chafya, chafya kubwa ya kutoa machozi, na sauti ya pili ikaendelea bila kutikisika. Watu walipiga makofi. Walisema hawajawahi kuona ufundi wa namna ile. Mwalimu aliinama kushukuru. Nyuma ya turubai nilijiziba mdomo kwa kitambaa.

Tangu hapo tulialikwa huku na huku, na ndivyo Mwenyekiti alivyotupata.

Wakati ule Wazungu wengi walikuwa wanauza na kuondoka, na watu walikuwa wanajiunga katika makampuni ya kununua mashamba. Kila mtu aliyevaa viatu alikuwa na kampuni. Huyu wetu alikuwa amewahi kuwa karani wa settla mmoja, Mzungu mwenye shamba. Alijua kuandika risiti na alijua kusimama. Alikuwa na shamba analolitaka mbele ya Moiben, la ngano, lenye ghala kubwa la bati. Lakini watu walikuwa wameanza kuogopa makampuni. Akiita mkutano walikuja wachache, na wale wachache waliuliza maswali.

Alipotusikia kwenye harusi nyingine hakumtafuta mwalimu siku ile. Aliwatazama watu waliosikiliza. Wiki iliyofuata alikuja kwenye varanda, akamwambia mwalimu kwamba taifa linajengwa na wasanii pia, na kwamba atampa ploti kando ya mto. Mwalimu aligonga chuma chake kwenye goti, akasikiliza, akakubali.

Watu walikuja. Walikuja kusikia mluzi wakabaki kujiandikisha. Niliwaona kupitia tundu la turubai, wengi wao wateja wangu, wanawake wa kutoka kwetu waliokuwa wakivuna pareto na kuweka akiba kwa miaka ili wapate mahali pa kuzikwa. Nilijiandikisha mimi mwenyewe. Nilishona sare za shule mbili nzima kulipia hisa yangu. Mtu akiniuliza baadaye nani alinivuta kwenye kampuni ile, jibu lilikuwa gumu kidogo: nilijivuta kwa mluzi wangu mwenyewe.

Siku ya kugawa ploti tulikusanyika pale shambani mbele ya ghala. Waliweka trela ya trekta iwe jukwaa, turubai ikafungwa nyuma yake, nami nikawa mahali pangu. Nambari za ploti ziliandikwa kwenye karatasi, zikakunjwa, zikatiwa ndani ya debe. Kila mtu aliitwa kwa jina, akaingiza mkono. Mwenyekiti, ambaye siri yetu alishaijua, aliniambia mimi nitaokota mwishoni, kwa kuwa nina kazi. Mwalimu hakuokota, yake ilikuwa imeshaandikwa, ile ya kando ya mto.

Saa nane hivi mama mmoja mzee wa Murang'a aliingiza mkono ndani ya debe, akautoa mtupu. Akauingiza tena. Akainamisha debe watu waone. Nyuma yake foleni ilikuwa bado inafika kwenye ile miti ya mwisho, na mimi niliyekuwa nyuma ya turubai sikuwa hata kwenye foleni.

Halafu mama yule akaketi chini, miguu imenyooka mbele, debe mapajani. Wanaume wakaanza kusogea. Niliona mmoja ameokota jiwe, hajui bado la nini.

Mwenyekiti alipanda juu ya trela. Alisema ni makosa madogo ya wapimaji, yatarekebishwa, kila mwanachama atapata, watu watulie. Halafu akamgeukia mwalimu.

"Mwalimu, tupatie muziki kidogo, wananchi wapumzike."

Nilidhani atakataa. Alitoa kile chuma mfukoni, akakigonga, akasikiliza, akaanza "Asubuhi ya Umande".

Sijawahi kumsikia akipiga hivyo, wala kabla wala baadaye. Ulianza chini sana, watu wakalazimika kunyamaza ili wausikie. Ulipanda taratibu. Yule mwenye jiwe alishusha mkono. Mama wa Murang'a aliinua uso. Nikajua pale mbele ndipo sauti ya pili inapoingia, na nikajua kwamba sitaingia, kwa sababu na mimi sikuwa na ploti, na yule mama alikuwa mteja wangu.

Niliingia. Midomo ilitangulia, akili ikafuata baadaye. Wimbo ule bila sauti ya pili ulikuwa kama mtu anayetaka kuketi na kiti hakipo, na mimi nilikuwa nimefundishwa kuwa kiti.

Katikati ya ubeti wa tatu nilisikia Landrova ya Mwenyekiti ikiwashwa. Mtu mmoja kwenye umati akaigeukia na kuifanyia "shhh". Nilimsikia kwa masikio yangu. Gari likaondoka polepole, kwa adabu, likapita lango. Tulipomaliza kulikuwa na makofi machache, halafu vumbi, halafu mtu akauliza, "Mwenyekiti ako wapi?"

Walipanda kwenye trela, wakaikata kamba ya turubai. Fundi wa baiskeli alikuwa ameshatoroka. Walinikuta juu ya kiti changu.

"Mama Njeri?" mama wa Murang'a aliniambia. "Hata wewe?"

Nilimwambia kwamba hata mimi sijapata ploti. Ilikuwa kweli, na haikunisaidia.

Mume wangu aliporudi safari alikuwa ameshaambiwa. Hakugomba. Aliuliza kitu kimoja: "Gari ikitoka, ulikuwa unapiga?" Nikasema ndiyo. Akatoka nje akaenda kukagua magurudumu ya lori kwa muda mrefu.

Sikupiga mluzi tena. Wateja walirudi mmoja mmoja, kwa sababu watoto hukua na sare huchanika, na kila aliyekaa kwenye varanda alitaka tumcheke mwalimu, nami nilikuwa tayari. Nilikuwa na hadithi nyingi kuliko wote. Tulimfanya mjinga wa mji. Mjinga aliyetumiwa, asiyejua kinachoendelea zaidi ya urefu wa midomo yake. Nilishikilia hilo kwa nguvu, maana kama yeye alikuwa mjinga, basi na mimi nilikuwa mjinga tu.

Yeye alihamia kwenye ploti yake kando ya mto, ambayo ilikuwa kinamasi. Mahindi yalioza kuanzia chini. Ng'ombe wa jirani walizama mpaka magotini. Tuliambiwa na waliopita huko kwamba jioni husimama kwenye matete akiwalaumu vyura kwamba wako chini ya sauti. Mama Kezia alichimba mitaro.

Sisi tuliokosa ploti tulianza safari za ofisi ya D.O., mkuu wa tarafa. Tulikwenda mwaka baada ya mwaka. Mwenyekiti alikuwa amejibu kwa barua kwamba yeye mwenyewe alidanganywa na wapimaji, kwamba alijua uhaba huo pale pale debe lilipoisha, kama sisi. Ofisi ilitaka mtu wa kusema vingine. Hatukuwa naye.

Mwalimu alikuja kwenye varanda mwaka ambao mume wangu aliacha kuendesha lori. Mzee Hersi alikuwa amemwachia mwanawe duka. Nilimwona mwalimu akitokea kwenye kona bila sauti yoyote, na kwa sababu hiyo sikumtambua mpaka alipofika. Alikuwa ameleta suruali ya kupunguzwa, alikuwa amekonda. Alisalimia mara moja, kama watu.

Aliketi. Nilimpima kiuno. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumchoma kwa miaka, na nikaanza na la vyura.

"Mama Njeri," alinikata, "mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Karatasi. Mwenyekiti aliniambia asubuhi ile, tukishuka kwa gari. Alisema haitatosha, na watu watakasirika, lakini mimi nikipiga watatulia."

Niliweka chini kamba ya kupimia.

"Na ukapiga."

"Nilipiga." Alitazama mikono yake. "Sio sababu ya ploti. Ploti ningepata tu. Nilitaka kujua kama ni kweli. Kama mluzi inaweza kushika watu wamekasirika hivyo." Akainua macho. "Na ilikuwa kweli."

Kwa miaka yote ile nilikuwa nimemcheka mtu ambaye hakuwepo. Nilimtazama, na jambo lililonikasirisha zaidi ni kwamba nilielewa. Nilikumbuka yule mwenye jiwe akishusha mkono, na nilikumbuka kwamba nilipomwona, kabla ya aibu kufika, nilifurahi.

"Utasema hayo kwa D.O.?" nilimwuliza.

"Ploti yangu itakuwaje?"

"Pengine wataikata."

"Mama Kezia amechimba mitaro miaka sita."

"Najua. Mimi ndiye namshonea."

Mtoto wa Mzee Hersi alipima sukari ya mteja, mteja akaondoka, akaja mwingine.

"Hiyo siku," mwalimu akasema mwishowe, bila kuniangalia, "kutakuwa na watu wengi?"

Niliangalia koti lake, na shingo yake ambayo bado ilikuwa imenyooka.

"Wengi sana, Mwalimu," nikamwambia. "Watajaa mpaka nje."

Jumatatu iliyofuata alikuja amenyoa, suruali niliyompunguzia imepigwa pasi mpaka inakata. Tulitembea pamoja. Ofisini kulikuwa na mabenchi matatu matupu, kalenda ukutani, na karani mmoja aliyekuwa anamalizia andazi. Karatasi aliyoijaza karani yule asubuhi ile ndiyo iliyofanya daftari la kampuni lifunguliwe tena. Ekari moja ninayolima mpaka leo ilitoka humo, na nusu ya shamba la mwalimu, ile nusu aliyoikausha Mama Kezia, ilikatwa akapewa yule mama wa Murang'a. Mwenyekiti hakufungwa. Alikuwa ameshapata kazi nyingine ya kusimama mbele ya watu. Mama Kezia aliacha kuniletea nguo zake, na sikumlaumu.

Lakini pale mlangoni mwalimu hakujua lolote kati ya hayo. Alisimama akatazama mabenchi.

"Watu wako wapi?"

"Ni huyu," nilisema, nikamwonyesha karani.

Alinigeukia. Alijua nimemfanyia nini, na alijua nilijifunzia wapi. Nilingoja atoke. Karani alijifuta vidole kwenye gazeti, akachukua kalamu, akauliza bila kuinua kichwa kama tumekuja kwa vitambulisho ama kwa mashamba.

Mwalimu akavuta kiti, akakaa.

"Mashamba," alisema. "Andika. Kabla watu hawajafika, mimi nilijua."